Mkuyu Una Wenyewe

Mwaka 1974 nilikata mikuyu mitatu kwa siku mbili. Sikuikata kwa mkono wangu. Niliikata kwa mikono ya watoto wa darasa la sita na la saba, mimi nikiwa nimesimama kando, filimbi shingoni, nikihesabu mapanga na mashoka yasipotee. Nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wa pili kazini, katika shule moja ya msingi ukingoni mwa Mto Mkondoa, wilayani Kilosa. Mvua zilikuwa zimekosekana, nchi ina njaa, na wito uliokuwa ukisikika redioni asubuhi na jioni ulikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Shule nayo ilitakiwa iwe na shamba la kuonekana. Ardhi nzuri kuliko zote ilikuwa ile nyeusi ya ukingoni, na juu yake ndipo iliposimama mikuyu.

Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja, jirani wa shule. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakaa kimya kitambo akiwatazama watoto wanavyohangaika na shina ambalo watu wanne hawakuweza kulikumbatia.

"Mwalimu," akasema, "mti huo una wenyewe."

Nikamjibu kwa ujeuri wa kijana aliyesoma kwamba mwenye mti ni kijiji, na kijiji kimeshaamua. Hakubishana nami. Alisema tu, "Haya. Basi wenyewe watahama," akaenda zake.

Wakati ule nilidhani anasema mizimu. Na bila shaka alikuwa anasema mizimu, kwani kwetu mkuyu wa mtoni haukuwa mti wa mtu yeyote. Chini yake watu walipeleka unga na pombe wakati wa ukame. Lakini leo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, naona mzee yule alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Mkuyu una wenyewe, tena hawaonekani kwa urahisi, na wakihama hawarudi kwa kuitwa.

Nieleze kwanza nilivyoujua mti huu kabla sijaukosea. Nililelewa na bibi mzaa mama, juu kidogo ya mto huohuo. Makuyu yalikuwa tunda letu la bure. Yalibebwa na shina lenyewe na matawi manene, vichala kwa vichala, mekundu yakiiva, na alfajiri tulikuta chini yameangushwa na popo na nyani. Bibi alikuwa na amri moja: kuyu haliliwi bila kupasuliwa. "Mume wangu," alikuwa akiniita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, "pasua kwanza uwatoe wageni." Tukilipasua walitoka vidudu vyeusi vyembamba, vidogo kuliko sisimizi, vyenye mbawa, tukayaacha makuyu juani kwenye ungo mpaka vikaruka vyote, ndipo tukala. Miaka yote niliamini kwamba vidudu vile ni uozo, kama funza wa embe. Sikujua kwamba bibi alipowaita wageni alikosea kwa neno moja tu. Walikuwa ndio wenyeji.

Vidudu hivyo ni nyigu. Msomaji asiwafikirie nyigu wa darini wanaouma. Hawa urefu wao ni kama milimita mbili na hawamdhuru mtu. Wataalamu wamempa nyigu wa mkuyu jina la Ceratosolen arabicus. Na kuyu nalo si tunda kama tulivyozoea kulisema. Ni kifuko kilichofungwa, ndani kimejaa maua madogo mamia kwa mamia, yote yakitazama ndani gizani. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona ua la mkuyu. Nyuki hawezi kuyafikia, wala kipepeo, wala upepo. Mlango ni mmoja, tundu dogo kwenye ncha ya kuyu, limezibwa kwa magamba yaliyobanana kiasi kwamba nyigu jike anayejipenyeza humo huvunjika mbawa zake mlangoni. Akishaingia hatoki tena. Hutembea juu ya maua akiyapaka chavua aliyotoka nayo kwenye mkuyu mwingine, hutaga mayai katika yale yenye shingo fupi, na hufia humo humo. Maua aliyotaga hulea watoto wake. Mengine huzaa mbegu. Hiyo ndiyo kodi anayolipwa na ndiyo kazi anayofanya.

Watoto wakikua, madume hutoka kwanza. Dume hana mbawa, wala hataishi kuona mengi ya dunia. Huwatafuta majike wangali ndani ya vitumba vyao, hupandana nao, kisha madume kwa pamoja hutoboa ukuta wa kuyu. Wengi huanguka nje na kuliwa na siafu na chungu waliokwisha kukusanyika wakingoja. Majike hutoka kwa njia iliyotobolewa, na kuanzia hapo wana siku moja au mbili za kuishi. Katika muda huo lazima wapate mkuyu mwingine ambao makuyu yake yako katika hali ya kupokea. Sharti hilo ndilo lenye hatari yote nitakayoisema. Makuyu ya mti mmoja kwa kawaida hukua pamoja, hivyo jike anayetoka hakuti nafasi katika mti aliozaliwa. Anahitaji mti wa pili, ulio tayari wiki hiyo hiyo, na watoto wake watahitaji wa tatu. Mnyororo huu haupumziki mwaka mzima, masika na kiangazi. Ukikatika kwa wiki chache tu mahali fulani, nyigu wa hapo wamekwisha.

Haya yote niliyajua nikiwa mtu mzima sana. Mwaka 2005 ilitoka filamu juu ya mkuyu, iliyopigwa Kenya na Mark Deeble na Victoria Stone, nami niliiona miaka kadhaa baadaye kwa kijana wa jirani mwenye kompyuta. Nilimwomba airudishe nyuma mara tatu pale jike anapopoteza mbawa mlangoni. Kijana alidhani nimeshindwa kufuata Kiingereza. Kutoka hapo nikaanza kutafuta vitabu na kuuliza watu wa vyuo, na hivyo ndivyo nilivyofika Misri, ingawa sijawahi kuvuka mpaka zaidi ya Kenya.

Misri iliujua mkuyu tangu zama za Mafarao. Majeneza waliyachonga kwa mbao zake, kwani nchi yao haina miti mikubwa mingi. Mungu wao wa kike Hathor walimwita Bibi wa Mkuyu. Na makuyu waliyaweka makaburini yawe chakula cha marehemu. Jirani zao vilevile. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba nabii Amosi alikuwa mtunza mikuyu, kwamba Mfalme Daudi alikuwa na msimamizi wa mizeituni na mikuyu, na kwamba Zakayo alipanda mkuyu kule Yeriko ili amwone Bwana. Nimemfundisha Zakayo huyo kwa watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi, lakini hakuna mchungaji aliyenieleza jambo moja la ajabu juu ya mti wake: mkuyu wa Misri na Palestina hauzai mbegu.

Hauzai kwa sababu nyigu wake hayuko. Mti ulifika huko, nyigu Ceratosolen hayupo huko. Kilichopo ni nyigu wa aina nyingine, Sycophaga sycomori, ambaye naye huingia kwa tundu lilelile na kutaga, ila hapandikizi chavua. Mgeni mla bure. Kuyu lake hukaa mtini na kuiva, lakini ndani mna wadudu tu, mbegu hamna hata moja. Basi watu wa huko walijifunza hila. Walipanda juu ya mti wakalichanja kila kuyu kwa kisu lingali bichi, kabla wadudu hawajakua, na siku tatu nne baadaye kuyu lilivimba, likawa tamu, likaliwa. Theophrastus wa Uyunani aliandika habari hiyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: makuyu ya Misri hayaivi mpaka yakwaruzwe kwa kucha za chuma, na huiva siku ya nne. Makuyu yenye makovu ya kuchanjwa yamekutwa katika makaburi ya Wamisri wa kale. Wataalamu wengi wanaona kwamba kazi ya Amosi nayo ilikuwa hiyo hiyo.

Mtu aliyelichunguza sana jambo hili katika karne yetu iliyopita alikuwa Jacob Galil, mtaalamu wa mimea wa Israeli. Yeye ndiye aliyeeleza kwamba jeraha la kisu hulifanya kuyu litoe gesi, nayo gesi ndiyo inayoliivisha. Lakini kwao asingeweza kuona mkuyu ukiishi maisha yake kamili. Ilimbidi aje huku kwetu. Yeye na mwenzake, Dan Eisikowitch, waliufuata mti Afrika ya Mashariki, na maandishi yao yalitoka mwaka 1968 na 1969. Huku ndiko walikomkuta nyigu akifanya jambo ambalo watu wa sayansi hawakulitarajia kwa mdudu mdogo hivyo: jike ana vifuko viwili kifuani, huvijaza chavua kabla ya kutoka, na akifika katika kuyu jingine huitoa kwa miguu ya mbele na kuiweka juu ya maua. Haibebi kwa bahati, kama sisi tunavyobeba mbigiri kwenye suruali. Anaichukua na kuipeleka. Katika mikuyu yetu yuko pia nduguye anayefanana naye sana, ambaye hutaga bila kupeleka chavua yoyote. Huyo amepewa jina la Galil mwenyewe, Ceratosolen galili, heshima ambayo sina hakika kama mimi ningeifurahia.

Nimekaa sana Misri kwa makusudi. Watu husema mti ukipoteza mdudu wake utakufa, na mtu akitazama akauona bado umesimama, ana majani, ana kivuli, hata makuyu unayo, husema wataalamu wametia chumvi. Mkuyu wa Misri umesimama hivyo kwa maelfu ya miaka. Haukufa kwa sababu binadamu alikata matawi yake na kuyachomeka ardhini, kizazi baada ya kizazi. Kila mkuyu wa huko una mtu nyuma yake aliyeuchomeka. Ukingoni mwa Mkondoa hakuna mtu aliyechomeka mikuyu tangu dunia iumbwe. Ilipandwa na popo, nyani, hondohondo na ninga, waliokula makuyu yenye mbegu na kuziangusha walipopita. Mbegu hizo zilikuwa kazi ya nyigu. Kwa hiyo kwetu nyigu akiondoka, hutaona chochote mwaka huo wala miaka ishirini inayofuata. Miti mikubwa itabaki. Miche ndiyo hutaiona, na nani huenda mtoni kuhesabu miche ambayo haipo?

Wamarekani waliwahi kulipa fedha ili walijifunze hili. Katika miaka ya 1880 wakulima wa California walipanda tini za Smyrna, aina bora ya Uturuki, wakangoja. Matunda yalitokea na kupukutika mabichi, mwaka baada ya mwaka. Wakulima wa Mediterania walikuwa wakijua tangu zamani kwamba lazima matini ya mwitu yenye wadudu yatundikwe juu ya mitini ya shambani. Wamarekani waliona huo ni ushirikina wa washamba. Ilipofika mwaka 1899 nyigu wa mtini aliletwa na kustawi Fresno, na ndipo tini zikaiva. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mzee na mashoka yangu.

Sasa niseme niliyoyaona kwetu. Baada ya kustaafu nilirudi kando ya mto. Mikuyu tuliyokuwa tukiokota makuyu yake, kutoka kwa bibi hadi shuleni, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu, ilikuwa mingi kiasi kwamba hakuna aliyeihesabu. Niliihesabu niliporudi, nikapata saba. Mingine ilikwenda kwa vinu na mizinga ya nyuki, kwani mbao zake ni laini kuchonga. Mingi zaidi ilikwenda tanuri la matofali. Iliyobaki ilikatwa kupisha nyanya na vitunguu, ambavyo hupuliziwa dawa ya wadudu kila wiki, mpuliziaji akiwa na kitambaa puani na bomba mgongoni. Dawa ile haiulizi kama mdudu ni wa nyanya au wa mkuyu. Nyigu wa milimita mbili, mwenye siku mbili za kuishi, akipita katika wingu hilo ana nafasi gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri. Bustani ninazozisema ziko mita tano. Nami sina uso wa kuwalaumu wenye bustani, kwa sababu shamba la kwanza pale nililifungua mimi, na watoto wa wale niliowapa mashoka ndio wanaolima leo. Ardhi iliyobaki bila mizizi tuliiona thamani yake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipofurika Kilosa, ukabomoa nyumba na kuzoa reli ya kati.

Katika kiangazi cha kwanza cha kustaafu kwangu niliona chini ya mmoja wa ile mikuyu saba jambo ambalo utotoni sikuwahi kuliona. Makuyu mabichi, madogo kama gololi, yalikuwa yametapakaa ardhini mamia, yamesinyaa. Nilipasua thelathini hivi kwa kisu cha mfukoni. Hakuna mgeni hata mmoja ndani. Tundu la kila kuyu lilikuwa limefungwa bila kuguswa. Kuyu lisiloingiwa na nyigu hupukutishwa na mti, kama tini za California. Siwezi kuapa kwamba ukame haukuchangia. Lakini mkuyu wa pili kutoka pale ulikuwa mwendo wa nusu saa, nao wakati huo haukuwa na kuyu lolote.

Huko kwingine yametokea makubwa zaidi. Mwaka 1998 ukame wa El Niño uliipiga Borneo, na katika msitu wa Lambir huko Sarawak baadhi ya mitini ya mwitu ilikaa muda mrefu bila matini. Nyigu wa aina kadhaa wakatoweka mahali pale. Joto nalo ni adui. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2013 kwamba joto likizidi kidogo, siku za nyigu jike hupungua, naye tayari hana za kupunguza.

Nisiwe wa kuleta huzuni tupu. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipukutisha mitini ya mwitu ya kusini mwa Florida, majani na matini yote, na watu wakadhani nyigu wamekwisha. Haikupita nusu mwaka wakawa wamerudi. Na mwaka 2009 ilitangazwa habari ya mikuyu hii hii yetu, kule jangwani Namibia, kando ya Mto Ugab. Kwa kupima mbegu na miti, watafiti waligundua kwamba nyigu wanapanda juu ya miti, wanajiachia kwenye upepo, na wamepeleka chavua umbali wa kilomita 160. Mdudu wa siku mbili, kutoka kama Kilosa hata kukaribia Dodoma! Kwa hiyo nyigu aliyehama anaweza kurudi, ikiwa upande upepo unakotoka bado kuna mikuyu yenye nyigu, na ikiwa akifika atakuta mti wenye kuyu wazi siku hiyo.

Ndiyo maana nimefanya kama Wamisri, kwa tofauti moja. Mkuyu huota kwa tawi. Lakini nikichukua matawi ya mti mmoja nitakuwa na mti uleule mara kumi, na naogopa utazaa msimu mmoja mara kumi, halafu uwe mtupu mara kumi. Kwa hiyo nilikata matawi kwenye yote saba, na mengine nikayafuata Mkuyuni, mkoani humu humu, mahali palipopewa jina la mti huu, kama Makuyuni ya kule njia ya Manyara na Mkuyuni ya Mwanza. Dereva wa basi alinitoza nauli ya mzigo. Nilichomeka ishirini na sita, mwanzo wa masika, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji na ya wenye bustani wanne waliokubali kuniachia ukingo. Wa tano alikataa, akanieleza kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo, lakini mimi nyanya zangu zinahitaji jua." Mbuzi wamekula tisa. Kumi na saba ipo, mikubwa zaidi inanipita kimo, haijazaa.

Yule mzee alifariki zamani. Mjukuu wake ana bomba la dawa na nusu eka ya vitunguu, na ndiye mmoja wa wale wanne. Tumekubaliana asipulize asubuhi mapema siku ambazo makuyu ya mti ulio mpakani kwake yanatoboka, nami ndiye wa kumwambia siku. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili naenda pale na kisu changu, napasua moja, natazama. Jumanne iliyopita nilipopasua walitoka kumi hivi, weusi, wakajipangusa mbawa ukingoni mwa kidole changu, kisha mmoja baada ya mwingine wakaruka kufuata upepo, kuelekea juu ya mto.